Tope la Mwadui, Maji ya Lancashire

Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, ulibomoka. Tope likavuka eneo la mgodi na kuingia kwenye mashamba na nyumba za watu wa Kishapu. Hakuna aliyekufa, na labda ndiyo maana habari ile ilipoa upesi. Kwangu ilirudi darasani, tulipofika kwenye kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher.

Mwaka 1860, huko Lancashire, Uingereza, John Rylands alijengesha bwawa la maji ya kinu chake. Mafundi walikuta mashimo ya mgodi wa zamani, wasiyazibe sawasawa. Maji yakapenya humo hadi kwenye mgodi wa makaa wa jirani, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuzembea, lakini mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ilimwambia alipe: ukilimbikiza kwenye ardhi yako kitu cha hatari, kikitoroka ni juu yako. Kanuni hiyo ilifika kwetu pamoja na sheria za Waingereza zilizopokelewa Tanganyika kuanzia 22 Julai 1920. Nilicheka kidogo. Fletcher, aliyelipwa, alikuwa mchimba madini.

Kwa hiyo mkulima anayesimamia kanuni hii halazimiki kuthibitisha uzembe wa mgodi. Kazi ngumu ni kuthibitisha alichokuwa nacho. Sheria haimdharau: Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay mwaka 1994, ilitamka kuwa haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaipa hadhi sawa na haki yenye hati. Ila mpaka wa kimila ni mstari wa minyaa, njia ya ng'ombe na kumbukumbu ya jirani. Tope likishafunika vyote, utamwonyesha mthamini nini? Tena Novemba, Usukumani, ndipo mvua zinaanza. Pamba ni mbegu ardhini, au bado iko guniani. Mazao ya kuhesabu hayajaota.

Halafu kuna saa. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya aina hii. Mgodi ulirudi kuzalisha katikati ya 2023. Kwa mkulima anayehesabu tangu siku ukuta ulipobomoka, mlango wa mahakama ulifungwa Novemba 2025.