Klabu iliyozaliwa darasani ili kuwafunga wageni

Mwanzoni mwa karne iliyopita, afisa mmoja wa jeshi la majini la Uturuki, Fuad Hüsnü, alikuwa akicheza mpira mjini Istanbul kwa jina la Bobby. Hakuwa na tone la damu ya Kiingereza. Alijificha kwa sababu Sultani Abdülhamid II hakupenda kuona vijana wa Kiislamu wakikusanyika, na wapelelezi wake walinusa njama hata pale palipokuwa na mpira tu. Mchezo huo ulikuwa wa Waingereza na Wagiriki waliokaa Kadıköy na Moda, upande wa Asia wa mji. Mturuki aliyeupenda alibaki mtazamaji, la sivyo alijipa jina la watu wengine.

Katika hali hiyo, Oktoba 1905, wanafunzi wa Mekteb-i Sultani, ambayo leo ni Shule ya Galatasaray, waliunda timu iliyokuja kuitwa Galatasaray. Shule yenyewe inahesabu umri wake tangu 1481, na kuanzia 1868 ilikuwa ikiwafundisha kwa Kifaransa vijana waliotarajiwa kushika nafasi serikalini. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa miaka 19, Ali Sami, ambaye baadaye aliandikwa mwanachama namba moja. Lengo walilojiwekea lilikuwa na mambo matatu: wacheze kwa kushirikiana kama Waingereza, wawe na rangi na jina lao, na wazifunge timu zisizo za Kituruki.

Hilo la tatu ndilo lililobaki midomoni mwa mashabiki hadi leo, nami kila nikilisikia huwa natabasamu kidogo. Baba yake Ali Sami, Şemseddin Sami, alikuwa Mualbania. Ndiye aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kituruki, Kamûs-ı Türkî, na baba mkubwa wa Ali, Naim Frashëri, ndiye mshairi wa taifa la Albania. Kwa hiyo mwanzilishi wa timu ya kuwanyamazisha wageni alitoka katika nyumba yenye mataifa mawili.

Rangi zao za kwanza zilikuwa nyekundu na nyeupe (watu wa Simba ya Msimbazi, msianze kushangilia), zikafuata njano na nyeusi, na mwaka 1908 wakatulia kwenye njano na nyekundu ambazo hazijabadilika. Mnyama wao, hata hivyo, ni simba kweli. Msimu wa 1908-09 walitwaa ligi ya Istanbul, timu ya kwanza ya Waturuki kufanya hivyo. Mwaka 1923 Ali Sami alikuwa kocha wa Uturuki katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, sare ya 2-2 dhidi ya Romania. Sheria ya 1934 ilipomtaka kila raia awe na jina la ukoo, alichagua Yen. Kwa Kituruki hiyo ni amri: shinda!

Kushinda nyumbani kulikuja kwa mawimbi. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1959, na fainali yake ya kwanza ilichezwa kwa mikondo miwili dhidi ya watani wao, Fenerbahçe. Metin Oktay, "mfalme asiye na taji", alipiga shuti lililochana nyavu, Galatasaray wakashinda 1-0. Watu wa Istanbul wanalisimulia goli hilo hadi leo. Kinachosimuliwa kwa sauti ya chini ni kwamba mkondo wa pili Fenerbahçe walijibu kwa mabao 4-0 na kuondoka na kombe.

Baada ya ubingwa wa 1973 ulifuata ukame wa miaka 14. Aliyeukata alikuwa mgeni, Jupp Derwall, Mjerumani aliyeipa nchi yake Kombe la Ulaya mwaka 1980. Ubingwa ulirudi 1987. Msaidizi wake, Mustafa Denizli, akarithi timu na kuifikisha nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1989. Njiani walifungwa 3-0 na Neuchâtel Xamax kule Uswisi, wakarudi kwao na kuwapiga 5-0. Steaua Bucharest ndio waliowatoa, na katika kikosi hicho cha Waromania alikuwemo Gheorghe Hagi.

Miaka saba baadaye Hagi alitua Galatasaray akiwa na miaka 31, wengi wakidhani amekuja kula pensheni. Kocha alikuwa Fatih Terim, nahodha wa zamani ambaye akiwa mchezaji hakuwahi kutwaa ubingwa wa ligi na klabu hiyo. Akiwa kocha aliutwaa mara nne mfululizo, kuanzia 1997 hadi 2000.

Usiku wao mkubwa ni wa Mei 17, 2000, mjini Copenhagen, fainali ya Kombe la UEFA, na mpinzani ni Arsenal, Waingereza wale wale ambao vijana wa 1905 walitaka kucheza kama wao. Dakika 90 zilikwisha 0-0. Muda wa nyongeza ulikuwa ndio kwanza umeanza Hagi alipopewa kadi nyekundu kwa kuvutana na Tony Adams wa Arsenal. Nahodha Bülent Korkmaz aliumia bega, akafungwa bandeji, akaendelea kukaba. Thierry Henry alipiga kichwa ambacho uwanja mzima ulishakihesabu kuwa goli, lakini kipa Taffarel, Mbrazili, akakichomoa.

Yakaja matuta. Kwa Arsenal, Davor Šuker aligonga nguzo, Patrick Vieira akagonga mtambaa panya. Ergün, Hakan Şükür na Ümit Davala walikuwa wameshafunga. Mkwaju wa mwisho ukawa wa Gheorghe Popescu, Mromania mwingine, aliyewahi kuvaa jezi ya Tottenham, watani wa jadi wa Arsenal. Akafunga: 4-1. Hakuna klabu ya Uturuki iliyokuwa imetwaa kombe la Ulaya kabla yao. Agosti mwaka huo, kule Monaco, wakaongeza Super Cup kwa kuwafunga Real Madrid 2-1, mabao yote mawili yakiwa ya Mbrazili Mário Jardel, la pili goli la dhahabu.

Basi wageni walifungwa kweli, ila kwa mikono ya kipa wa Brazili na mguu wa beki wa Romania.

Huku kwetu Tanzania wengi walianza kuufuatilia utani wa Istanbul mwaka 2020, Mbwana Samatta alipokwenda Fenerbahçe kwa mkopo. Kijana aliyewahi kuichezea Simba akawa upande wa wapinzani wa simba wa huko. Aliukuta uhasama mkubwa: mwaka 1996 kocha Mskoti wa Galatasaray, Graeme Souness, baada ya kutwaa Kombe la Uturuki katika uwanja wa Fenerbahçe, alikimbia na bendera ya klabu yake na kuisimika katikati ya dimba.

Ubingwa wa 25 ulipatikana 2025, wa tatu mfululizo chini ya Okan Buruk, aliyekuwa kiungo katika timu ya Terim, na nyota ya tano ikaongezwa kwenye jezi. Mfungaji bora wa ligi alikuwa Mnigeria, Victor Osimhen, mabao 26. Wanacheza Seyrantepe, walikohamia mwaka 2011, katika uwanja ambao jina la mdhamini limeshabadilika mara mbili: Türk Telekom, Nef, sasa Rams. Eneo lote linalouzunguka linaitwa Ali Sami Yen.