Tigran: jina lililopanda kwenye noti mara mbili

Armenia ilipoanza kutoa fedha yake mwaka 1993, noti ya dram 500 ilionyesha sarafu ya kale yenye sura ya mfalme aliyevaa taji refu, lenye nyota katikati ya tai wawili. Mwaka 2018 ikatoka noti ya dram 2,000 yenye picha ya mcheza sataranji. Wote wawili ni Tigran.

Jina lenyewe wengi hulihusisha na Kiirani cha kale, katika neno lenye maana ya kitu chenye ncha kali. Waarmenia wa Magharibi, kama wale wa Istanbul na Beirut, hulitamka Dikran.

Mfalme Tigran wa Pili aliishi mateka kwa Waparthi. Walimwachia mwaka 95 KK aende kutawala kwao, na fidia yake ikawa mabonde 70. Baadaye aliyatwaa tena mabonde hayo, akaitwaa Siria, akajenga mji wa Tigranakert na kuujaza watu aliowang'oa makwao kwa nguvu. Plutarch anasimulia kwamba mtu wa kwanza kumletea habari za kuja kwa Lucullus, jemadari wa Roma, alikatwa kichwa. Nani tena angethubutu kufungua mdomo? Mfalme akabaki na wasifuji wake huku adui akikaribia. Mwaka 69 KK Tigranakert ukaanguka. Miaka mitatu baadaye, akiwa mzee, aliingia kambini kwa Pompey, akavua taji ili aliweke miguuni pa Mrumi huyo. Pompey akamzuia, akamwachia ufalme, ila kwa talanta 6,000 za fedha. Historia inamwita Tigran Mkuu. Mimi huyu wa kambini ndiye ninayemwona mtu zaidi.

Wanamuziki nao wamo: Tigran Chukhajian alitunga opera ya Arshak wa Pili mwaka 1868, na siku hizi yuko mpiga piano wa jazi, Tigran Hamasyan, mzaliwa wa Gyumri.

Lakini aliyeliweka jina hili midomoni mwa watu karne iliyopita ni Tigran Petrosian, yule mcheza sataranji wa kwenye noti. Alizaliwa Tbilisi mwaka 1929, akafiwa na wazazi angali kijana, akafagia barabara apate riziki. Masikio yake yalikuwa mazito, akavaa kifaa cha kusikilizia. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ubao, Petrosian aliuziba kabla haujatokea. Mjini Zurich mwaka 1953, akibanwa na mpinzani wake Reshevsky, aliisogeza ngome yake mahali pa kuliwa. Ilipoliwa, farasi wake akapata kituo katikati ya ubao, na mashambulizi yakafifia. Mchezo ukaisha sare, na hadi leo walimu wa sataranji wanaufundisha. Mwaka 1963 alimshinda Botvinnik kwa pointi 12.5 dhidi ya 9.5, akawa bingwa wa dunia, akaushikilia ubingwa hadi 1969. Yule mfalme alitanua mipaka hadi ikamshinda kuilinda. Huyu aliishi kwa kulinda.

Petrosian alifariki tarehe 13 Agosti 1984. Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo, katika familia nyingine ya akina Petrosian mjini Yerevan, alizaliwa mtoto wa kiume, akapewa jina la bingwa: Tigran. Mwaka 2008 mtoto huyo alikuwa kwenye timu ya Armenia iliyotwaa dhahabu ya Olimpiadi ya Sataranji mjini Dresden.