Zilipendwa za Shaba

Anayetaka kuzungumzia treni ndogo za shaba kwa Kiswahili hatakwama kwenye vyuma. Boila, pistoni, silinda, ekseli, gia, bolti: vyote vilishapewa majina na watu waliovishika kwa mikono, wengine katika karakana za reli, wengine uvunguni mwa malori. Anakwama dukani. Anakwama anapotaka kusema kitu hiki ni cha zamani kwa namna gani, bei yake imetokana na nini, na yeye akishakifungua na kubadilisha mota, amekifanya nini hasa.

Kitu chenyewe ni hiki. Kuanzia miaka ya 1950, mafundi wa Japani walitengeneza kwa mkono modeli za vichwa vya treni vya Marekani, wakikata mabamba membamba ya shaba na kuunganisha vipande kimoja kimoja, mpaka ngazi ya dereva na kengele juu ya boila. Walioagiza walikuwa wafanyabiashara wa Marekani, hasa Pacific Fast Mail ya jimbo la Washington, na mmoja wa watengenezaji wenye sifa alikuwa Tenshodo, duka la vito na saa la Ginza, Tokyo. Biashara ilibebwa na thamani ya fedha. Tangu 1949 hadi 1971 dola 1 ilikuwa sawa na yeni 360, kwa hiyo siku ya kazi ya fundi wa Tokyo ilikuwa rahisi mno kwa mfuko wa Mmarekani. Yeni ilipopanda, kazi ikahamia Korea Kusini, kwa watengenezaji kama Samhongsa. Za Kijapani za kipindi kile bado zinasakwa, na yangu ni mojawapo.

Neno la kwanza kunisumbua lilikuwa shaba. Kwetu shaba ni madini yanayochimbwa Katanga, jimbo ambalo Mobutu aliliita Shaba tangu 1971 na likarudishiwa jina lake 1997. Shaba hiyohiyo ni sinia na buli vya bibi. Lakini ya Katanga ni metali tupu, na ya buli ni mchanganyiko wake na zinki. Kamusi huzitenganisha kwa rangi, shaba nyekundu na shaba nyeupe, nami nakiri weupe huo siuoni: modeli isiyopakwa rangi ni ya manjano kama ndizi mbivu. Kiarabu, tulikolichukua neno, ndicho kinachonipa raha. Huko lilikuwa jina la hii ya manjano hasa, na mzizi wake ni ule wa kufanana, kwa sababu ilifanana na dhahabu. Mzizi huo tunao nyumbani katika kushabihi na tashbihi. Modeli ya shaba, basi, ni kitu kilichoundwa ili kishabihi kingine, kwa metali iliyopewa jina kwa kushabihi.

Nimesema modeli. Wengi wangesema mfano wa treni, na mfano unafaa mpaka siku ya kuuza, ambapo mnunuzi atakuuliza, mfano wa nini? Kitreni kinampa mtoto kitu ambacho mtoto hatakiwi hata kukigusa. Nabaki na modeli. Kwa kitu chenyewe kinachovuta mabehewa nachukua neno la Watanzania, kichwa, ambalo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kusikia abiria wa stesheni wakilalamika kwamba kichwa kimeharibika. Garimoshi naliheshimu, ila waliolibuni walitazama bomba la juu badala ya boila. Moshi ulikuwa taka tu, nguvu ilikuwa mvuke. Modeli yangu haina kimoja wala kingine, inakula volti 12 kutoka relini.

Behewa dogo la makaa na maji linalofuata nyuma ya kichwa, mafundi wa Kiingereza waliliita jina ambalo Kiswahili kingelichukua kuwa tenda. Tenda tayari ni kitenzi, na tenda ni ile ya serikali ambayo watu hushtakiwa kwayo. Nitasema behewa la makaa na nitalala salama.

Kichwa changu ni Mikado. Aina za vichwa huhesabiwa kwa magurudumu, na Mikado ni 2-8-2: mawili madogo mbele, manane ya kusukuma katikati, mawili nyuma chini ya tanuri. Jina lilitokana na vichwa ambavyo kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kiliviunda kwa ajili ya Japani mwaka 1897, kwa kuwa Mikado ni jina la zamani la mfalme wa huko. Vita Kuu ya Pili ilipozifanya Marekani na Japani maadui, baadhi ya Wamarekani wakakibandika kichwa hicho jina la jenerali wao, MacArthur. Miaka michache baada ya vita, Wajapani wakaanza kuwauzia Wamarekani haohao Mikado za shaba za kuweka kabatini. Biashara haikuona haya kurudisha jina la kwanza.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na 2-8-2 zake, daraja la 29 la East African Railways, zilizopewa majina ya makabila. Modeli yangu na modeli ya hizo haziwezi kukimbia juu ya reli moja, na hapa ndipo watu huchanganya skeli na geji. Skeli ni uwiano: yangu ni HO, yaani 1 kwa 87. Geji ni nafasi kati ya reli mbili: milimita 16.5, ambayo ni geji ya Marekani ya milimita 1,435 iliyogawanywa kwa 87. Reli zetu za mkoloni zilikuwa za milimita 1,000, na kwa uwiano uleule zinadai njia ya milimita 12 hivi. Skeli ningekubali iitwe uwiano. Geji siibadilishi kuwa upana wa reli, maana msikilizaji atadhani ninapima unene wa chuma chenyewe, na tangu reli ya SGR ije, geji inazungumzwa hata kwenye daladala.

Sasa umri. Cha kale ni magofu ya Kilwa. Mkweche ni tusi. Mtumba unasema jambo moja tu, kwamba kiliwahi kuwa cha mtu, na modeli nyingi za aina hii zilinunuliwa, zikatazamwa, zikarudishwa kwenye boksi bila kukimbia hata mzunguko mmoja. Neno ninalolipigia debe ni la redioni: zilipendwa. Tunalitumia kwa nyimbo za zamani, na wakati uliopita uliomo ndani yake haumdanganyi mtu, kwani anayeomba zilipendwa anazipenda leo. Modeli za shaba zilipita njia hiyo. Zilipendwa, kisha zikaja za plastiki zilizokimbia vizuri zaidi kwa bei ndogo, wengi wakazipa kisogo, na waliobaki nazo hawazitoi kirahisi.

Ukinunua zilipendwa, tazama boksi kabla ya kichwa. Sponji ya zamani huoza, ikawa unga unaonata juu ya vanishi na kuila. Shaba yenyewe haishiki kutu kama chuma. Kwa mng'ao uliopotea kwa mabaka, neno ninaloliona limekaa sawa ni kusawijika, lile la uso wa mtu aliyeugua. Sharti nililojiwekea ni moja: lisinisukume kwenye ndimu na majivu, dawa ya sinia zetu za pwani. Juu ya modeli, dawa hiyo itaondoa vanishi nusu nusu na kuingia kwenye kila kona ambayo kitambaa hakifiki.

Ndani ndiko Kiswahili kinakojimudu. Nilikipeleka kichwa kwa fundi kijana huko Gerezani, Dar es Salaam, nikakitoa kwenye taulo. Alikigeuza juu chini, akapuliza vumbi kwenye koili.

"Shikamoo mzee. Hii mota mbona iko uchi?"

"Marahaba. Ndivyo zilivyotoka."

"Itakula umeme bure. Tafuta ya kopo."

Mota uchi na mota ya kopo: sikuwahi kusikia maneno bora. Ya kwanza ni ile ya zamani, sumaku na koili vikionekana, inayodhoofika sumaku yake inapochoka. Ya pili imefungwa ndani ya kikopo, inatumia umeme kidogo na inaenda polepole bila kushtuka. Kati ya mota na giaboksi Wajapani waliweka kipande cha mrija wa mpira, ambacho baada ya miongo hukakamaa na kuanza kupiga kelele. Badala yake hufungwa krosi, kama ile ya propela ya lori, ila hii unaishika kwa koleo ya nyusi.

Tulishindana mahali pamoja tu. Aliona viungo vya boila akasifu kazi ya kuchomelea. La, hapo nilisimama. Kuchomelea ni kuyeyusha chuma chenyewe kikashikana na mwenzake. Hizi zimelehemiwa: lehemu ndiyo inayoyeyuka, shaba inabaki ilivyo. Kwa kuwa wengi hutumia kulehemu kwa kazi zote mbili, tofauti inaonekana ya walimu wa Kiswahili, lakini fundi anayedhani kiungo kimechomelewa atakipiga moto bila hofu, na ngazi, mabomba na kengele vitaanguka mezani kimoja baada ya kingine.

Kisha umeme wa kisasa. Leo modeli nyingi huendeshwa kwa mawimbi ya kidijitali: kila kichwa kina namba yake, kikitoka kiwandani huwa 3, na kikadi kidogo ndani yake husoma amri ya namba hiyo pekee na kuipuuza ya wengine. Jina la kikadi hicho tulishapewa bure na televisheni. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia mwisho wa 2012, mtaa mzima ulinunua ving'amuzi, na baadaye wenye mamlaka wakaviita visimbuzi. Kwa televisheni sikuona haja ya ubishi. Kwa treni naona kisimbuzi kimeshinda kwa haki, maana kazi yake ni kusimbua msimbo, si kung'amua. Kabla ya kukifunga lazima uhami mota isiguse chasisi. Katika modeli hizi chasisi yote ina umeme wa reli moja, na behewa la makaa huleta wa reli ya pili. Kuhami ni kukinga na ni kuzuia umeme, na hapa maana zote mbili zinafanya kazi: usipohami, kisimbuzi kinaungua mara moja.

Limebaki lile lililonikwamisha tangu mwanzo: nimekifanya nini? Kukarabati ni kurudisha kitu kilivyokuwa. Nilipokaza magurudumu yaliyolegea na kuyapanga upya, ya kulia yakipishana na ya kushoto kwa robo ya mzunguko ili pistoni zisikwame zote pamoja, nilikarabati. Kufunga mota ya kopo na kisimbuzi nitakuita kusasisha, neno la simu lililozaliwa na sasa, kwa sababu ninaweza kuvitoa kesho. Kuboresha silitaki. Anayependa kuendesha atasema kimekuwa bora, mkusanyaji atasema nimekipunguzia thamani, na wote wawili watakuwa na hoja. Tundu nililotoboa chini ya behewa la makaa ili spika ya kisimbuzi ipumue ni kugeuza, bila kutafuta neno la kulipamba, kwani shaba iliyotobolewa haijai.

Kwenye karatasi niliyoiacha boksini nimeandika hivi, kwa mpangilio huo: magurudumu yamekarabatiwa, umeme umesasishwa, behewa la makaa limegeuzwa, tundu moja, mota ya awali imo kwenye bahasha, inazunguka.