Fahirisi Jumuishi katika Maamuzi ya Sera

Fahirisi jumuishi ni namba moja inayotokana na viashiria kadhaa vyenye vipimo tofauti. Kiashiria hupima jambo moja, kama umri wa kuishi. Fahirisi hupima dhana pana, kama maendeleo au umaskini. Fahirisi ya bei ni kitu kingine, kwa kuwa vinavyounganishwa humo vyote ni bei.

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza huunganisha wastani wa eneo zima, mfano Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoasisiwa na Mahbub ul Haq na kutolewa na Umoja wa Mataifa tangu 1990. Ya pili huanzia kwenye kaya. Fahirisi ya kimataifa ya umaskini wa nyanja nyingi, ya mwaka 2010, hukagua viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha katika kaya ileile. Kila kiashiria hupewa uzito, yaani sehemu yake katika jumla. Kaya iliyopungukiwa kwa theluthi moja ya uzito wote au zaidi huhesabiwa maskini. Uwiano wa watu maskini huzidishwa kwa kina cha upungufu wao, hivyo nafuu ya walio chini kabisa huonekana hata kabla hawajavuka mstari wa umaskini. Kwa sera, hiyo ni faida kubwa ambayo aina ya kwanza haina.

Mipaka ya chini na ya juu huvipa viashiria kipimo kimoja. Katika Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, umri wa kuishi huwekwa kati ya miaka 20 na 85. Nchi yenye miaka 65 hupata 45 kwa 65, yaani 0.69.

Mara nyingi uzito hauchimbwi kutoka kwenye takwimu. Huamuliwa na watu, na ndiyo sehemu inayostahili kujadiliwa hadharani. Kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti za Kenya, ambayo ni jamaa wa karibu wa fahirisi, iliweka idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8 na nidhamu ya fedha 2. Kuongeza uzito wa eneo ni kuzipendelea kaunti pana za kaskazini. Kuongeza wa idadi ya watu ni kuzipendelea zenye msongamano.

Kanuni ya kujumlisha huamua kama ziada hufidia upungufu. Alama 0.9, 0.9 na 0.3 zina wastani wa kawaida wa 0.70, lakini wa kijiometri ni 0.62. Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ilihamia kwenye wastani wa kijiometri mwaka 2010.

Matumizi ni kulinganisha, kufuatilia na kugawa fedha. La mwisho ndilo zito. Ibara ya 204 ya Katiba ya Kenya hutenga nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Sera ya kwanza ya kuyatambua ilitumia fahirisi ya kaunti na kuteua kaunti 14. Kata fukara ndani ya kaunti yenye wastani mzuri haikuonekana. Sera ya pili ilishuka chini ya ngazi ya kaunti.