Moshi wa Gobore

Kwa wazee wengi hapa Mwamanyili, baruti ni ile nyeusi ya gobore, yenye moshi mzito. Misafara ya pwani iliileta bara, na Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alijenga nguvu zake kwayo. Alifariki mwaka 1884. Mwaka huohuo, Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi.

Gobore halikuiweza baruti hiyo mpya. Lingepasuka mtutu na kumwumiza mpigaji. Lakini haukuwa uamuzi wa fundi peke yake. Mwaka 1890, Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika akaachiwa gobore na baruti ya kawaida, tena kwa idhini ya serikali.

Hata vita ya 1914 ilipozuka, askari wengi wa Kiafrika wa Mjerumani walikuwa na bunduki za mfano wa 1871. Kila walipofyatua, wingu jeupe liliwafichua kwa adui.

Basi nikisikia gobore likichekwa kuwa ni ujinga wa mababu, hujiuliza: ni nani aliyewachagulia baruti?