MSAMIATI WA CHOMBONI: MANENO YA BAHARI KATIKA DARASA LA BARA

Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiswahili hapa Uganda atakuwa amekutana na tatizo la neno nanga. Mwanafunzi anasoma sentensi "Sherehe zilitia nanga saa kumi jioni," naye anakumbuka ennanga, kinubi cha Waganda. Mwenzake kutoka Rwanda au Burundi anafikiria inanga, ala ya nyuzi ya kwao. Wote wawili huweza kudhani kwamba sherehe zilimalizika kwa muziki. Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na sisi walimu kufundisha misemo ya baharini bila kueleza chombo kilichoizaa.

Misemo hiyo ni mingi. Timu ya mpira ina nahodha, serikali ina mtu aliyeshika usukani, taifa lina dira, na mkutano hung'oa nanga asubuhi. Hata rubani, ambaye leo tunamjua kama mwendeshaji wa ndege, zamani alikuwa mwelekezi wa vyombo baharini. Makala haya yanaeleza kwa ufupi maneno haya yalivyoingia chomboni, na yalivyotufikia sisi wa bara.

Tuanze na chombo chenyewe. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani yetu. Mashua za namna hiyo ziliendelea kuundwa kwa karne nyingi. Mtepe wa visiwa vya Lamu, ambao ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa majani. Maneno mtumbwi, kafi na tanga ni ya Kibantu. Wenyeji wa pwani walikuwa na vyombo vyao, na majina yake, kabla ya kukopa kwa wageni.

Pepo za msimu zilileta wafanyabiashara kutoka Ghuba ya Uajemi na Uarabuni, na uongozi wa chombo ukapata majina mapya. Nahodha ni neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa chombo. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, ni la Kiajemi pia, na nanga hunasibishwa na langar ya lugha hiyohiyo. Baharia na usukani yana asili ya Kiarabu. Wanafunzi waangalie kwamba Kiarabu kina sukkan, na Kiswahili kikaongeza u- mwanzoni. Neno lilipopanda chomboni, lilivishwa sare ya wenyeji.

Wareno walifika mwaka 1498, wakatuachia bendera na bomba. Kisha zikaja meli za moshi za Waingereza. Tangu mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilileta barua Zanzibar kwa ratiba ya kila mwezi. Jina la Kiingereza la barua hizo ndilo lililotupatia neno meli. Manowari nayo, meli ya vita, ilitoka katika lugha hiyo.

Maneno haya hayakubaki pwani. Meli iitwayo William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikaunganishwa na kuteremshwa katika ghuba ya Kisumu mwaka 1900, hata kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Katika Ziwa Tanganyika, meli ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1913 ilipelekwa Kigoma kwa reli ikiwa ndani ya masanduku. Ilizamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Leo Mganda husema emmeeri bila kuhisi kwamba anatumia neno la kigeni. Hivyo basi, mwanafunzi wetu si mgeni kabisa wa msamiati huu. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha njia uliyopita.

Faida yake huonekana hasa katika methali. Tuchukue hii: "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Wanafunzi wengi hukariri maana yake, kwamba mtu hata azunguke wapi atarudi kwao, lakini hawaoni picha yoyote. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni ndani chini, mahali maji yanapojikusanya na kutekwa ili chombo kisizame. Baharia aweza kutembea atakavyo, nyuma na mbele, lakini mwisho atashuka ngamani kuteka maji. Vivyo hivyo, "Manahodha wengi chombo huenda mrama" huwa wazi mwanafunzi akijua kwamba kwenda mrama ni kuyumba.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni mdogo. Kabla ya kufundisha methali hizi, chora chombo ubaoni: omo, tezi, ngama, mlingoti, tanga, usukani na nanga. Maneno saba, dakika kumi. Kisha muulize mwanafunzi maana ya kutia nanga. Nadhani hatakwambia tena habari za kinubi.