Shimo la Petreli Lililofunza Kompyuta Kulala

Kilomita 15 hivi kusini mwa kisiwa cha Mount Desert, jimbo la Maine, Marekani, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Great Duck. Petreli wa Leach, ndege wa baharini mwenye uzito wa gramu 45 hivi, huchimba mashimo humo, hutaga yai moja tu, na huingia na kutoka usiku. Ukipita mchana juu ya makazi yao, hutajua kama kuna uhai chini ya nyayo zako. Tabu inamwangukia anayetaka kuwachunguza, kwa maana petreli akisumbuliwa katika siku za mwanzo za kuatamia, hulitupa yai na kwenda zake. Hata kwa minandi, ndege wengine wa baharini, ziara ya dakika 15 kwenye makazi yao yaweza kuangamiza hadi asilimia 20 ya mayai na makinda ya msimu huo.

John Anderson, mwanabiolojia wa College of the Atlantic, chuo kidogo cha mji wa Bar Harbor, alitaka kujua mambo ya ndani ya mashimo hayo: nani anaatamia na kwa muda gani, joto na unyevu hubadilikaje, kwa nini shimo hili likaliwe na lile liachwe. Maswali alikuwa nayo, ila kila njia ya kuyajibu ilimtaka mtu atie mkono shimoni.

Upande wa pili wa nchi, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulikuwa na watu wenye chombo lakini bila swali. Profesa Kris Pister alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza vihisi vidogo kama chembe za vumbi. David Culler na wanafunzi wake nao walikuwa wameandika TinyOS, programu ya kuendeshea kompyuta zenye kumbukumbu ya kilobaiti 4 tu, wakaiacha wazi kwa yeyote kuitumia.

Mwaka 2001 kampuni ya Intel ilifungua maabara mjini Berkeley, karibu kabisa na chuo, na Culler akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Kwangu mimi, mkataba wa maabara ile na chuo una uzito kuliko majengo na fedha zake. Ulitaka utafiti wa pamoja uwe wazi, asiwepo wa kuyafungia matokeo kabatini. Mwanafunzi aliweza kuandika tasnifu juu ya kazi yake bila kuomba ruhusa ya wanasheria, na kampuni ikapata watu na mawazo ambayo isingeyapata kwa kujifungia peke yake.

Kiangazi cha 2002 timu ya Intel, Berkeley na chuo cha Anderson iliweka vihisi 32 kisiwani. Kila kimoja kilitumia betri mbili ndogo kama za rimoti, na zilitakiwa zidumu miezi kwa sababu hakuna ambaye angerudi kuzibadilisha katikati ya msimu. Basi kifaa kililala karibu muda wote, kikaamka kupima na kurusha taarifa kwa redio, kisha kikalala tena. Ndani ya mashimo kilipima joto, unyevu na fukuto la mwili wa ndege. Taarifa zilikusanywa kisiwani, zikapanda setilaiti hadi California.

Mambo hayakwenda sawa yote. Maji na unyevu vilipenya, vihisi vikaharibika, baadhi vikanyamaza kabla ya wakati. Watafiti waliandika makosa hayo waziwazi, na kwa wahandisi waliofuata kurasa hizo zilikuwa hazina. Mwaka 2003 walirudi kisiwani na vihisi zaidi ya 100.

Crossbow, kampuni ya California, ilikuwa ikiuza vifaa vya aina hiyo kwa maabara nyingine. Watafiti wa Intel wakapeleka vihisi vya mtandao wa namna hiyo kwenye Loch Rannoch, meli ya mafuta ya BP katika Bahari ya Kaskazini, vipime mtikisiko wa mitambo. Culler alishiriki kuanzisha kampuni ya Arch Rock mwaka 2005, ikanunuliwa na Cisco mwaka 2010. Katikati ya hapo, mwaka 2007, kikatoka kiwango cha kuviwezesha vifaa vidogo vya redio kuzungumza lugha ile ile ya intaneti.

Intel ilizifunga maabara zake za vyuoni mwaka 2011. TinyOS ilibaki wazi, mikononi mwa yeyote aliyeitaka.